Fatiha ya Chumba cha Ilala

Mbagala, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kile kifua cha mama kimetulia tangu mvua zikatike. Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nitakueleza. Naomba barua hii uisome peke yako, usimpe mwanao akusomee kwa sauti, maana ndani yake yumo baba yake.

Nimeandika mbio ili nimuwahi mumeo. Najua naye anakuandikia, kama hajaandika tayari, na atakupa habari ya kufurahisha. Nataka ikikufikia uwe unajua imetoka wapi.

Umeona hapo juu nimeandika Mbagala. Ilala sikai tena. Kile chumba unakijua kwa kusimuliwa, lakini nikuanzie mwanzo, kwa sababu mwanzo wenyewe ndio uliokanwa mbele za watu.

Nyumba ile ilikuwa ya Mzee Selemani, mtu wa Kivinje, Mungu amrehemu. Ina vyumba sita, na kile cha nyuma upande wa uani kilikuwa pagale. Kuta tu, hakina bati wala mlango, wanalala kuku. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika randa pale Keko. Siku moja tumekaa barazani watu watatu, yeye, mimi na mumeo Rashidi, ambaye wakati ule bado ana kazi yake kwenye kiwanda cha nguo. Mzee akaniambia, "Ezeka mwanangu, tia mlango, kaa. Kodi utanipa hii hii ya leo, na hapa hakutoi mtu mpaka uchoke mwenyewe." Akainua mikono, akasoma fatiha, tukaitikia amina sote watatu.

Hatukuandikiana. Mtu wa Kivinje na mtu wa Tingi, wote wa Kilwa, tumekutana ugenini, fatiha imesomwa, nani angeanza kudai karatasi? Ingekuwa sawa na kumwambia mzee wa watu usoni kwamba ni mwizi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo nimeuona kwenye maduka ya Kariakoo mpaka nimeuzoea, na siku zote nilidhani wanaambiwa wauza sukari.

Basi nikaezeka. Mabati yalikuwa ya kuokoteza, nikinunua moja leo na jingine mwezi ujao. Dari nilitia kwa mbao zilizosalia kazini. Mlango niliuchonga wa mninga, na mzee alipenda sana kuwaonyesha wageni wake. Nilikaa pale miaka, na kodi ilikuwa ile ile aliyoitaja.

Dada, huku mjini mambo yamegeuka. Tangu hizi zama za ruksa kila mtu ana kitu cha kuuza, na kila mwenye cha kuuza anataka fremu ya duka mbele ya nyumba. Wenye nyumba wanabomoa madirisha ya vyumba vya mbele wanatia milango ya chuma. Wapangaji wa mbele wanasogea nyuma, wa nyuma wanasukumwa Buguruni, na wa Buguruni wanakuja huku nilipo. Zamani kodi ililipwa mwisho wa mwezi, na ukichelewa ulimwamkia mwenye nyumba kwa heshima zaidi kidogo kuliko kawaida, yakaisha. Sasa wanataka ya mwaka mzima mkononi kabla hujashika ufunguo. Mwenye huruma anataka ya miezi sita. Huko upande wa baharini wanakaa wakubwa na wageni, nasikia wanatajiana kwa dola. Madalali nao wamezaliana. Aliyekuwa anauza kashata jana, leo ana funguo za watu kiunoni.

Katika misukosuko hiyo ndipo kiwanda kikapunguza watu, na Rashidi akawamo. Ukaniandikia nimpokee, nimsaidie mpaka naye apate chumba akuite. Nikampokea. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikumpa, nilimpa kitanda nikalala mkekani, tukatenganisha kwa pazia. Tumekula sahani moja zaidi ya mwaka. Simsimangi, nataka ujue tu kwamba hatukuwa na ugomvi wowote. Jioni alinichekesha mpaka jirani wakatugongea ukuta.

Mzee Selemani alipofariki, arobaini ilipopita tu akaja mwanawe Athumani na dalali. Wakapita chumba kwa chumba wanapima kwa hatua. Kwangu akaugusa mlango, akausifu, kisha akaniambia niandae kodi ya mwaka, na kodi yenyewe mara tatu ya ile ya zamani, ama nimwachie chumba mwisho wa mwezi. Nikamweleza mapatano yangu na baba yake. Akasema hayajui. Nikamwambia shahidi yupo hai na analala humu humu ndani. Nilisema hivyo kwa majivuno, dada. Nilikuwa na hakika kama mtu mwenye hati.

Tukaenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mama Tatu, mwanamke mwenye haki. Siku ile Rashidi alivaa kanzu yangu. Mama Tatu akanisikiliza, akamsikiliza Athumani, kisha akamgeukia mumeo amwulize kama fatiha ilisomwa. Rashidi akaitika kwamba ilisomwa, na mimi nikavuta pumzi. Halafu akaendelea, kwa sauti ile ile anayoombea dua:

"Ilisomwa, mama, siwezi kumsingizia shemeji. Lakini ilikuwa ya kumrehemu marehemu mke wa mzee. Habari ya chumba mimi sikuisikia."

Angekana fatiha yote ningembishia, hata kuapa ningeapa. Yeye aliishika ile ile dua akaipeleka kwa maiti. Mama Tatu akaniuliza kama nina karatasi. Nikasema hatukuandikiana. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniongezea wiki mbili, na hapo ndipo mkono wake ulipofikia.

Utaniuliza kwa nini sikumshika palepale. Niliona aibu, na tena nilimtafutia udhuru. Nilijiambia labda amesahau, labda ameogopa watu. Siku ya kuhama nikaanza kukunja virago, nikamwambia shemeji kunja na vyako, twende tukahangaike pamoja. Yeye alikuwa amekaa kitandani anaangalia miguu yake. Akasema, "Mimi nabaki, Hamisi." Kumbe Athumani alikwishampa kazi ya kuangalia nyumba na kukusanya kodi, na malipo yake ni chumba. Chumba changu, na mlango wangu wa mninga. Walikubaliana kabla hatujafika kwa mjumbe.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilimwazima.

Nilimwuliza neno moja tu, kama hakuona haya. Jibu lake nakuandikia kama alivyolitamka, kwa kuwa nimekwishalijibu kichwani mara nyingi na kila jibu linanishinda. Alisema, "Dada yako amenisubiri miaka sita. Ulitaka nimlete alale nyuma ya pazia lako?"

Nikabeba randa na godoro nikatoka.

Kutafuta chumba mji huu ni adhabu. Dalali unamlipa akuonyeshe tu, upende usipende, na ukipata anachukua kodi ya mwezi mmoja ya kwake. Nimezunguka Buguruni na Tandika mpaka viatu vimefunguka. Wenye nyumba wanakuhoji kuliko mkwe. Wanataka kujua kama unapikia mkaa, na wageni wako ni wangapi. Mama mmoja wa Tandika aliposikia natoka Kilwa akafunga kitasa, akasema watu wa kusini akipanga mmoja wanalala saba. Nilitaka kumwambia kwangu alilala mmoja tu, na alinitosha.

Hapa Mbagala nimepata kwa miezi sita. Ukuta haujapigwa lipu, na nikilala nasikia mazungumzo yote ya jirani kwa kuwa dari hakuna. Naweza kuitia, lakini dada, sitapiga hata msumari mmoja katika nyumba ya mtu. Kwenda Keko kunataka nauli mbili kwenda na mbili kurudi, hivyo siku nyingi natembea.

Nina ombi moja. Mama alipokwenda kuniposea mke kule Mtama, neno la kwanza alilowaambia wale wazee ni kwamba mwanangu ana chumba Ilala. Mwombe asogeze mambo mbele mpaka mavuno yajayo, na asiwaeleze sababu. Nikikosa mke pia, nitakuwa nimekosa vyote kwa amina moja. Hilo la mama naona aibu kumwandikia mwenyewe.

Sasa tufike kwako. Najua ulivyongoja. Najua watu wa Tingi wanavyokusema kisimani, kwamba mume wako ameoa mjini ila huambiwi. Hajaoa, hilo namshuhudia, na ushahidi wangu mimi ni wa kweli. Atakwambia uje, chumba kimepatikana. Sikukatazi. Yeye ni mumeo na wale ni watoto wenu, na hukumtuma kunikana. Lakini nimekasirika, dada, na hasira nyingine inakuja mpaka kwako bila haki, ndiyo maana nakwambia waziwazi nisije nikakaa nayo.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kifua nitaituma kwa huyu huyu kondakta aliyeleta barua. Msalimie mjomba Bakari aliyenifundisha kushika msumeno, na shangazi yetu wa Kipatimu kama atateremka na mihogo yake. Wanao wabusu, na mkubwa mwambie mjomba wake hajamsahau.

Ukifika Dar usinitafute, Mbagala ni mbali na utapotea. Nitakuja mwenyewe kukuamkia, maana mdogo ndiye aendaye kwa mkubwa. Nitasimama nje ya ule mlango nilioupiga randa siku nne, nipige hodi, na nitangoja mpaka mtu wa ndani aniambie karibu. Tafadhali, dada, siku hiyo anijibu Rashidi. Usinijibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi