Javor Mpya na Tupa ya Bohuš

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Ukungu tangu asubuhi, na mgongo umeanza tena. Nimekunywa kahawa tatu kabla ya saa nne. Hakuna iliyosaidia.

Bastola kumi za Javor mpya zimeshushwa leo karakana ya mafundi kuunganishwa. Miaka minne ya maisha yangu ndani ya kreti mbili! Javor ya zamani kila mtu mjini hapa anaijua — chuma kitupu, nzito, nzuri, inatoka kiwandani kwetu tangu sijaanza shule. Yangu ni ile ile na si ile ile. Kiini kimoja cha chuma, kisha unapachika unachotaka: mpini mkubwa au mdogo, mtutu mrefu au mfupi. Kipande chochote kikae kwenye bastola yoyote. Ndivyo jeshi linavyotaka. Tume yao inakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Watazifungua zote, watachanganya vipande kama karata, kisha wataziunda upya. Zikikubali, kiwanda kina kazi. Zikikataa, nusu yetu tutafunga makabati yetu na kuondoka kazini, Mkurugenzi Kadlčák hafichi.

Na zikikubali, karakana ya mafundi inafungwa baada ya baridi. Bastola ambayo vipande vyake havihitaji kukalishwa kwa mkono haimhitaji fundi wa kuvikalisha. Nami nimeolewa na mmoja wao! Bohuš amebakiza miaka miwili astaafu. Kadlčák ameahidi kumweka stoo mpaka hapo. Ni ahadi ya mdomo tu, lakini ipo.

Kadlčák mwenyewe alishuka kuwaambia: muunganishe tu, atakayegusa chuma kwa nyundo au tupa atatoka getini siku hiyo hiyo. Ludva Mikulčík, rafiki wa Bohuš tangu uanagenzi, akauliza kama kupumua kunaruhusiwa. Wote wakacheka. Bohuš hakucheka. Alikuwa ameinua bastola sikioni, anaitikisa taratibu, anasikiliza.

Jumatano, 6 Novemba

Supu ya kantini ilikuwa maji. Mikutano mitatu. Nimechoka hata kukasirika.

Jioni Bohuš alikaa na viatu vya ndani miguuni, gazeti mkononi, hasomi.

"Inacheza, Draho."

Nikamwambia imekusudiwa icheze. Ule uwazi kati ya reli ya kiini na kifuniko cha juu — kile kinachorudi nyuma risasi ikitoka — nimeuweka mimi, kwa hesabu. Bila uwazi huo kifuniko cha hii hakiwezi kukaa kwenye ile.

"Najua umeuweka wewe. Lakini inacheza."

Nimezima taa. Karakana yao ina desturi yake: bastola inayocheza ikitoka mezani kwa fundi, jina lake linaandikwa kwa chaki juu ya mlango wa stoo, na halifutwi mpaka mwisho wa mwaka. Ludva ameandikwa mara kadhaa, anajivunia. La Bohuš halijawahi kupanda pale.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku ya jina la Bohuš kwenye kalenda ya watakatifu; Bohuš ni Bohumír kwa kifupi. Kila Bohumír nchini leo analisha wenzake kazini. Usiku wa jana nilipaka mikate midogo sinia mbili, mayai na nyama na tango. Chupa ya pombe ya plamu kaitoa yeye mwenyewe, ile ya shamba la kaka yake, inayokata koo.

Niliteremka saa sita kumpongeza. Wamenyanyua vikombe, wameimba, Ludva kambusu kichwani. Bastola zote kumi zilikuwa mezani, zimepangwa vizuri kama vijiko vya wageni. Nikachukua moja. Nikasukuma kifuniko nyuma, kikaenda kama kimepakwa siagi. Nikaitikisa. Kimya! Nikajua kabla sijajua. Nikaifungua, nikafungua na ya jirani yake, nikabadilisha vifuniko. Hakikuingia. Nikajaribu cha tatu. Kikaingia nusu kikang'ang'ania.

Bohuš ameibana reli kwa nyundo, kidogo kidogo, kisha akaipitisha tupa mpaka kila kifuniko kikapata mwenzake. Zote kumi! Kila moja ni kamilifu na haimjui jirani yake.

Naye alikuwa amesimama pembeni yangu, mashavu mekundu, ananitazama kama mtu aliyekupa zawadi na anasubiri ufungue. "Umeona? Hakuna hata moja inayocheza. Sasa waje hao wanajeshi."

Mbele ya watu, siku ya jina lake. Ningesema nini? Nilisema ahsante. Nikanywa kikombe chote na kupanda ngazi nikishika ukuta.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu ananila kwa mapenzi.

Jumapili, 10 Novemba

Jana sikuongea naye siku nzima. Leo nimeongea kupita kiasi.

Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia yote: tume itachanganya vipande, hakuna kitakachoingia, vipya viko tanuruni bado na havitoki kabla ya mwisho wa mwezi. Kadlčák akijua, hakuna stoo, hakuna miaka miwili, kuna geti tu.

Kisu kikasimama. Ameelewa. Nilimwona anaelewa, na niliumia, maana uso wake ulizeeka palepale mbele ya sufuria.

"Zilikuwa zinacheza," kasema. "Zingetoka na jina lako."

"Ofisini kwangu hakuna mtu mwenye chaki, Bohuš!"

"Ndiyo maana."

Nikapiga kelele. Jirani wa chini kagonga bomba. Tukala viazi na kabichi chachu bila kutazamana.

Kwenye kuosha vyombo akasema, mgongo kwangu, kwamba anaweza kuzirudisha. Azipunguze zote kwa tupa, moja baada ya nyingine, mpaka kila kifuniko kikae kwenye kila kiini. "Lakini zitacheza zote. Sawasawa." Alilitamka neno hilo kama anatema mbegu.

Ningeweza kwenda kwa Kadlčák kesho na kusema kweli. Nimeifikiria kweli hiyo mchana kutwa. Nimekataa.

Jumanne, 12 Novemba

Jana ilikuwa sikukuu ya Martin Mtakatifu. Tulikula bata bukini kwa dada yangu. Husemwa Martin huja na farasi mweupe, yaani theluji. Mwaka huu kaja na mvua na matope.

Kazi inaisha saa nane mchana. Wengine wakiondoka, Bohuš anabaki, nami nashuka na vipimo kwa kisingizio cha ukaguzi. Jana na leo. Anapiga tupa mara mbili, anafuta, anapachika, anatikisa. Inagonga ndani, kidogo. Anafumba macho. Halafu inayofuata.

"Inacheza kama jino la mtoto," amesema.

"Vizuri. Endelea."

Ludva alibaki kutuangalizia mlango. Hawezi kufunga mdomo hata akilipwa. "Mama Injinia, mwenzako kafundishwa miaka mitatu kuondoa mchezo wa vyuma, na maisha yake yote kauondoa. Wewe umemfundisha kuurudisha kwa siku mbili. Ungekuwa mwalimu!" Hata Bohuš kacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jambo moja nimemwonya. Kila fundi pale hufunga kazi kwa mstari mmoja wa mshazari mwishoni mwa reli, pigo moja jepesi la tupa. Si saini, hawalazimishwi. Mkono unakwenda wenyewe. Wa Bohuš umelala zaidi ya wa wenzake, naujua kama mwandiko wake. Nikamwambia afute yote aliyopiga wiki iliyopita, na asipige mwingine.

"Mimi si mtoto," kanijibu.

Ni uongo tunaofanya. Nitasema mashine imetengeneza. Lakini mashine ilitengeneza sawa! Mkono ndio ulioharibu, na mkono ndio unaorudisha. Nimeizungusha hoja hii hadi kichwa kinauma, na bado inabaki uongo.

Jumatano, 13 Novemba

Zimekwisha. Vipande vinakaa popote. Nimekagua reli moja moja kwa lenzi: hakuna mstari. Tisa. Ya kumi alikuwa ameshaifunga na kuipaka mafuta, na Kadlčák alikuwa kwenye simu ananiita juu. Sikuifungua. Niliona uchovu, basi. Nataka kulala mpaka Krismasi.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandikia gotini, benchi la korido, nje ya chumba cha majaribio. Wametutoa. Niandike upesi kabla hawajatuita.

Asubuhi Bohuš alisugua mikono kwa brashi mpaka ikawa myekundu. Weusi wa kwenye mikunjo haukutoka, haujawahi kutoka. Kavaa shati la harusi ya binti yetu. Kazi yake leo ilikuwa kubeba kreti na kusimama mlangoni.

Kiongozi wa tume ni Luteni Kanali Zbořil. Mwembamba, mpole, miwani imening'inia kwa kamba. Kafungua zote kumi, kachanganya vipande kwenye trei, kaanza kuunda. Ya kwanza — kak! Ya pili. Nikazihesabu kwa vidole. Ya tano kaipachika mtutu mfupi na mpini mkubwa, kwa ukorofi tu. Ikakubali. Zote kumi zikakubali! Kadlčák kanibana mkono mpaka pete ikaniuma.

Zbořil akanigeukia. "Hongera, Mama Injinia. Hivi ndivyo tulivyotaka. Hapa hakuna mkono wa mtu hata mmoja."

Nikatazama mlangoni. Bohuš alikuwa anatabasamu. Tabasamu la mtu anayepigwa picha.

Basi. Ingeishia hapo. Lakini Zbořil kafungua moja tena ili aiweke kwenye sanduku lake, na kidole gumba chake kikapita juu ya reli. Kikasimama. Kavaa miwani. Kaenda dirishani kwenye mwanga.

"Mimi nilianza jeshi kwenye stoo ya silaha," kasema, taratibu. "Javor yangu ya kwanza ilikuwa na mstari kama huu. Hapa hapa. Umelala hivi hivi." Kisha: "Nani kapiga tupa hapa?"

Ya kumi! Mkono ulikwenda wenyewe.

Kadlčák kawa mweupe kama ukuta. Mimi niliona geti, niliona Bohuš analipita na mfuko wake wa chakula. Mdomo ukatangulia akili.

"Mimi, Bwana Kanali. Nilikuwa napima, kulikuwa na ukali kidogo, nikausahihisha. Ni mimi."

Kanitazama. Kautazama mstari. Na naapa, alikuwa anakubali! Alishaanza kuvua miwani.

Ndipo ikasikika mlangoni, kwa sauti ya karakana, ya kushinda mashine:

"Yeye? Huyo hawezi kunoa hata kisu cha mkate!"

Hakuna aliyecheka. Bohuš kasogea hadi mezani, kanyoosha hiyo mikono yake myekundu yenye mikunjo myeusi, kaiweka juu ya kitambaa cheupe mbele ya Zbořil. Zbořil kaitazama muda. Halafu akatuomba, sisi wawili, tusubiri nje.

Sasa tumekaa. Nilidhani ana hofu. Hana! Ameudhika. Na mimi!

"Maisha yangu yote napiga mstari ule," kaninong'oneza. "Unasimama mbele ya watu unasema wako?"

"Nilikuwa nakuokoa, mpumbavu wewe."

"Najua." Kaangalia viganja vyake. "Lakini si wako, Draho."

Nimemshika mkono, ule wa karibu, naandika na mwingine. Una joto na umekwaruzika.

Ndani Kadlčák alikuwa anapaza sauti. Amenyamaza. Sasa anaongea Zbořil, polepole, sisikii maneno. Sasa haongei mtu.

Kuna anayesukuma kifuniko. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Sasa wanaitikisa — nasikia hata mimi, kupitia mbao, ule mgongano mdogo wa chuma kwa chuma.

Bohuš ameinamisha kichwa kuelekea mlangoni, kama anavyofanya mezani kwake.

"Inacheza," amesema. Macho yamemjaa machozi.

Kitasa kimeshuka. Wanatuita ndani.