Honi za Barabara ya Namawala

Viwanja Sitini,
Ifakara.
Jumapili jioni.

Kwako kaka yangu Adolf,

Shikamoo kaka. Nakuamkia nikijua kwamba huenda hutaki kuniitikia, lakini salamu ni haki ya mkubwa, kwa hiyo ipokee kwanza, hasira ziendelee baadaye. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, mashine inakoboa, na mpunga mwaka huu umekubali. Wifi Levina anaendeleaje? Beno ameniambia ameanza kutembea na gongo mpaka jikoni, nikamshukuru Mungu palepale mbele ya wateja. Mwambie namsalimu sana, na kwamba katika barua hii ninamwomba msamaha yeye kwanza, kisha wewe.

Huyo binamu yetu Beno alifika Jumatano na basi la Mahenge, wala hakunificha. Alikaa mbele yangu akanieleza kwamba umetamka huna dada tena Ifakara. Sababu umetoa mbili. Ya kwanza, kwamba wakati wa Kwaresima ulinipigia simu kunieleza kuwa wifi ameanguka kisimani, amevunjika nyonga, amelazwa na anasubiri kupasuliwa, nami nikacheka, nikasema vizuri sana kaka, tunamshukuru Mungu, halafu nikakuaga. Ya pili, kwamba madereva wenzako wa zamani wamekufikishia kuwa dada yako anaendesha baiskeli katikati ya barabara ya Namawala, akipigiwa honi hapishi, hageuki wala hanyanyui mkono. Wewe uliyeshika usukani maisha yako yote bila doa, sasa unaonekana umelea mtu mwenye kiburi. Kaka, yote mawili yametokea kama ulivyosema. Nakuomba tu uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana.

Nianze na baiskeli, maana najua ndiyo iliyokukera kwanza. Mwaka jana uliniuliza mjane wa umri wangu anakimbilia wapi kila Jumapili, nikakujibu kwa mkato, na jibu lile halikuwa la adabu. Hapa kwetu baiskeli ni ya gunia, ya mkaa, ya kumpeleka mgonjwa. Ukiendesha tupu, watu wanakuuliza unakwenda kuchukua nini. Siku ya kwanza nilipotoka na mwalimu Egidius na Justa wa dukani, tulipofika Namawala mama mmoja alitaka kujua tumekuja kununua nini. Egidius akamweleza kwamba hatununui chochote, tumekuja tu na sasa tunarudi. Yule mama alitutazama kwa huruma akatuletea maji ya kunywa, na Justa ana hakika mpaka leo kwamba alidhani tumefiwa.

Lakini nikuambie ukweli, kaka, ni raha. Tukitoka misa ya kwanza tunavuka mto Lumemo kabla jua halijakaza, milima kulia, mpunga kushoto mpaka macho yachoke. Egidius anatangulia na baiskeli yake ya gia huku akijifanya kijana, Justa anafuata akilalamika kuhusu tandiko, na mimi naendesha kwa mwendo wangu. Tangu mume wangu alipofariki sikuwa na mahali pengine ambapo kichwa kinapumzika namna ile. Wiki nzima nashinda na vumbi la pumba. Jumapili nameza vumbi la barabara, na hilo kwangu ni sikukuu.

Barabara ile unaijua kuliko mimi. Ni ya vumbi kiangazi na tope masika, na wote tunaitaka: mafuso ya mpunga kutoka Mbingu, mabasi ya Mlimba, bodaboda, na ng'ombe ambao hawampishi yeyote. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia nyumbani kwamba dereva muungwana humpigia honi mwenye baiskeli akiwa bado mbali, na mwenye baiskeli muungwana hunyanyua mkono na kuvuta kushoto, na kwa njia hiyo kila mtu anafika kwake. Nilikuwa nalijua hilo siku zote nilizokuwa nikikuaibisha.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pembeni pa barabara palikuwa tope tupu, katikati pamekauka kidogo, nami nikashika katikati. Wenzangu walikuwa nyuma, mnyororo wa Justa ulikuwa umechomoka. Mimi naimba zangu wimbo wa kwaya, raha mustarehe. Mara nikamwona mwanamke mmoja shambani ameweka mikono kichwani, anaangalia nyuma yangu. Nikasimama, nikageuka. Fuso lilikuwa limelala ubavu mtaroni, magunia yametapakaa kwenye maji, na dereva anakuja kwa miguu, mdomo wake unafunguka na kufumba.

Dereva huyo anaitwa Mashimba, Msukuma mrefu, anayesomba mpunga kutoka Mbingu. Alikuwa amepiga honi tangu mwanzo wa mashamba ya miti ya misaji. Alipoona sipishi alikanyaga breki, tope likamchukua, na palibaki mahali pawili tu pa kwenda: juu yangu, au mtaroni. Akachagua mtaro. Yeye na utingo wake walitoka bila jeraha, lakini hilo hakulijua wakati anakata usukani.

Alinikaripia, na nilistahili. Nilikuwa nimemkazia macho mdomoni, na alichosema akiwa amenielekea nilikipata. Kisha akageuka kunyoosha kidole kwenye gari, akaendelea kuongea amenipa kisogo, mwishoni akaniangalia kama mtu anayengoja jibu. Nikamjibu kwamba nashukuru, na kwake pia. Akazunguka akaenda nyuma yangu, mimi nikadhani anakwenda kuangalia baiskeli. Justa, ambaye alikuwa ameshafika, alinieleza baadaye kwamba Mashimba alipiga makofi kisogoni mwangu, kisha akaokota debe akaligonga kwa jiwe kwa nguvu zake zote, na mimi nimesimama naangalia mpunga unavyolowa. Akarudi mbele yangu, akainama kidogo uso wake uwe sawa na wangu, akaniuliza taratibu, bila hasira hata chembe, kama mimi sisikii. Watu wote ninaowakobolea hapa mjini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nililia barabarani kama mtoto, nikamwambia ndiyo.

Kaka, habari yenyewe ndiyo hiyo. Sisikii. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linashika kidogo mtu akiwa karibu na akinitazama. Justa alinipeleka hospitali, daktari akasema ni kelele za mashine, zimekula taratibu miaka yote hii, na kilicholiwa hakirudi. Nilikuwa nimeanza kulijua mwenyewe muda mrefu. Nilificha kwa sababu ilikuwa rahisi kuficha: sisi wa mashine tunaongea kwa kupaza sauti, hakuna anayeshangaa. Mkanda ukilegea nauhisi kwa kiganja. Niliogopa nikisema nitaondolewa kazini, na zaidi niliogopa kugeuka yule mama ambaye watu wanamzungumzia naye yupo, kana kwamba hayupo.

Simu ndiyo ilikuwa mtihani mkubwa. Nilijifunza kubahatisha. Watu huanza na salamu, kwa hiyo nilikuwa nasema vizuri, tunamshukuru Mungu, nacheka kidogo, nauliza watoto, naaga. Kwa wengi ilipita. Siku ile niliona jina lako kwenye simu nikafurahi, nikadhani unanitakia Kwaresima njema. Nilicheka kwa sababu ni wewe, kaka. Sikujua wifi yangu yuko kitandani anasubiri kisu. Mpaka Beno aliponiambia Jumatano sikujua, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Nisameheni, wewe na yeye.

Katika yote haya nimepewa mengi kuliko niliyopoteza, na nataka uwajue watu walionipa. Siku ile watu wa Namawala walileta trekta, tukavuta, nami nikavua viatu nikasukuma pamoja nao mpaka kanga ikawa tope. Jua lilipozama gari lilikuwa limesimama. Mashimba alinieleza kwamba kwao ng'ombe asiyesikia mluzi hapigwi, mchungaji anazunguka mbele ili ng'ombe amwone. Nikamwambia ahsante kwa kunifanya ng'ombe. Alicheka sana, na kicheko cha Msukuma kinaonekana hata usipokisikia.

Alinikataza kukaa nyumbani. Alimwagiza fundi anifungie vioo viwili vya pikipiki kwenye usukani, na Egidius akanitafutia kizibao cha njano cha bodaboda. Kisha Mashimba akaenda maegesho ya malori akawaeleza wenzake kuwa mama wa kizibao cha njano hapigiwi honi, anawashiwa taa. Sasa gari likija naliona kwenye kioo, nanyanyua mkono, navuta kushoto. Leo asubuhi basi la Mlimba lilinifuata polepole mpaka nilipomaliza kuvuka kalavati, abiria wamejaa mpaka mlangoni, na dereva alipopita akanipungia. Nilibaki nimesimama pale nikijifuta macho, Justa akanitania kwamba nikiendelea hivyo nitahitaji na wipa.

Jambo moja nililowaomba madereva hao ni kwamba habari hii isivuke daraja kuja huko Mahenge. Nilitaka uipate kwangu. Wewe unawajua madereva, hakuna neno linalolala kwao. Kiburi changu kilikufikia upesi, ugonjwa wangu wakautunza. Hata Beno alitaka kukueleza kwa mdomo, nikamkatalia, nikamwambia asubiri niandike. Yeye ndiye atakayekukabidhi bahasha hii, na nimemwomba akae nje wakati unasoma.

Najua utasema niiache baiskeli. Nimelifikiria, na ninakuomba, kama mdogo kwa mkubwa wake, usiniambie hivyo. Mchana kutwa nakazana kusoma midomo ya watu mpaka kichwa kinauma. Juu ya baiskeli hakuna anayengoja jibu langu. Nina vioo, nina Egidius mbele na Justa nyuma, na nina madereva wa barabara nzima wanaonijua. Kama bado una wasiwasi, njoo uendeshe gari nyuma yangu Jumapili moja uone mwenyewe. Wewe ukisema baada ya hapo kwamba sifai, nitaiuza.

Nisalimie watoto, nisalimie majirani. Mwambie wifi kwamba nimemtengea mchele mpya, ule unaonukia, Beno atakuja nao. Daktari amesema kuna kifaa cha kuvaa sikioni ambacho kinaweza kulisaidia hili la kushoto, tutaona.

Na kaka, ukija, usisimame mlangoni ukapiga hodi ukangoja. Ulinilea kwamba mtu haingii bila kuitikiwa, na nakujua, utageuza urudi kwako ukidhani nimekukatalia. Sitakusikia. Karibu yako ninaiandika hapa, uje nayo mkononi: karibu, kaka. Sukuma mlango, uingie, uje usimame nikuone.

Ni mimi mdogo wako,
Stefania