Nafasi Tupu za Deus

Shija, nkoyi, rafiki yangu,

Nyasi zimeshaota juu ya kaburi lako hapa Kishapu. Nimekuja kukuambia kwamba nimekulipizia kisasi kwa Deus, na sijuti.

Unakumbuka tulivyobishana miaka kumi na moja, walimu wawili wa hesabu, juu ya kitu ambacho mkeo alikiita ugomvi wa hewa? Katika programu, mstari ulio chini ya mwingine husogezwa ndani kidogo, ili msomaji aone nani mzazi na nani mtoto. Wewe ulisogeza kwa kitufe cha Tab, mara moja tu, ukasema kila msomaji ajiwekee upana unaofaa macho yake. Mimi niligonga nafasi nne, moja moja, ili mpangilio usibadilike kwa yeyote atakayefungua. Ukanicheka: "Mwalimu, unapanda pamba au unahesabu mbegu?"

Lakini programu ilikuwa yako. Uliianza baada ya mdogo wako Maziku kufukiwa kwenye duara, shimo la dhahabu, kule Geita. Siku mbili zilipita bila mtu kujua kwamba yumo shimoni, kwa sababu jina lake halikuandikwa popote. Ndipo ukatunga programu inayomtaja kila mchimbaji anayeshuka, na kupiga king'ora kama muda wake umekwisha na hajapanda. Mimi nilikagua tu, na kulalamikia Tab zako.

Deus tulimfundisha sote wawili, mezani kwako, akila michembe, viazi vikavu vya mkeo Mama Kabula.

Wiki tatu baada ya kukuzika alinijia anatabasamu. "Shikamoo, Mwalimu. Ule ubishi umeisha, umeshinda. Tab zote nimezigeuza kuwa nafasi."

Nisamehe, Shija. Nilifurahi. Siku nzima nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Kesho yake nikafungua daftari la mabadiliko, lile ambamo kompyuta huandika nani wa mwisho kugusa kila mstari. Kugeuza pengo nako ni kugusa. Kila mstari ulikuwa na jina la Deus. Lako halikuwepo hata mara moja. Kama la Maziku.

Alianza kujiita mtunzi, nami nikamwacha apande, maana aangukaye kutoka kwenye kigoda hakuna anayemwona. Nilisubiri miezi minane.

Chama cha wachimbaji kilipoitisha mkutano wa kumpongeza, nilikwenda na mkeo, tukakaa mbele. Deus akaonyesha mistari ukutani, kila mmoja na jina lake pembeni. Nikaomba kuuliza: kwa nini king'ora kinasubiri dakika tisa, si kumi? Akajibu kwamba ndivyo mifumo yote ilivyo. Mama Kabula akacheka, kicheko kikavu. Yeye ndiye uliyemshikisha saa mlangoni mwa shimo, ukapanda ngazi mara tatu kwa magoti yako mabovu, dakika tisa kila mara, ukisema aliye mzima hawezi kuchelewa kuliko wewe.

Nikaisogelea kompyuta. Kuna herufi moja ambayo ukiiongeza kwenye amri, kompyuta hupuuza mapengo na kusema nani aliandika maneno yenyewe. Deus aliona ninachoandika.

"Mwalimu, tungeongea pembeni," akanong'ona.

"Shija hana pembeni ya kuongelea," nikasema, kwa sauti ya darasani.

Jina lako likajaa ukutani. Shija, Shija, Shija, mpaka chini. Mvuta kamba mmoja akaanza kulisoma kwa sauti, wenzake wakamfuatisha, na Deus akakosa pa kuweka mikono.

Amekuja kwangu mara mbili kuomba niifute kumbukumbu ya siku ile aliyogeuza Tab zako. Nimemweleza taratibu, kama mtoto wa darasa la tano, kwamba daftari halifutwi. Nimerudisha nakala yako, na Tab zako zote. Yake nimeiweka kando, wazi. Yeyote atakayeifungua atasoma kwamba Deus aliandika nafasi tupu, maelfu, na hakuandika kitu kingine.

Nakuahidi sitamfutia, hata kama ipo njia, maadamu ningali hai. Na kila mstari nitakaoongeza kwenye kazi yako nitausogeza kwa Tab, mara moja tu.

Bado nasema ulikosea. Pumzika, nkoyi.