Nimekuandika Chini, Shemeji

Shemeji yangu Ndekirwa, uliyelala upande wa chini wa migomba,

Mimi ndiye niliyegundua ugonjwa wa kansa katika mlima huu. Kabla yangu watu walikuwa wanakufa tu, bila utaratibu. Nimewaambia hivyo wajukuu wako jana, nao wakanitazama kwa heshima mpaka nikaona aibu, jambo ambalo kwangu, unajua, halitokei mara nyingi. Basi niseme kweli: sikugundua kitu. Aliyekuwa akitafuta ni yule daktari Mzungu mrefu aliyepanda kwetu na nyumbu wake, na mimi nilikuwa mwandishi wake. Hata mkoba wake sikuubeba. Aliubeba nyumbu.

Barua hii sikuifunga. Posta ya huko uliko siijui, na hata ulipokuwa hai hukusoma barua mwenyewe. Ulimwita dada yangu Ndeshi, mkeo, akusomee, halafu ukabishana na aliyoyasoma. Naiacha wazi, asome anayetaka.

Kisomo changu ulikijua: madarasa mawili ya misheni na nusu ya la tatu, mpaka mwalimu aliponikuta juu ya mpera wake. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko akili yangu, na daktari alitaka mwandiko. Akanipa daftari na kalamu mbili, akaniambia nipite nyumba kwa nyumba niandike kila aliyeugua ule ugonjwa wa kushindwa kumeza, na uvimbe mwingine wowote unaokua bila kuuma halafu ukauma bila kupona. Tena nisiwaandike wazee.

"Mzee hufa kwa mambo mengi," alisema kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni. "Nataka waliokamatwa kabla ya umri ambao serikali humwambia karani wake, sasa kapumzike."

Umri huo ulikuwa miaka hamsini na mitano. Sisi wenye kahawa na migomba hatujawahi kuambiwa na mtu tukapumzike, lakini niliupokea mstari kama ulivyochorwa. Shida ni kwamba hakuna aliyejua umri wake. Nikatengeneza kipimo changu: reli ilipofika Moshi, huyu mtu alikuwa anachunga mbuzi, ameshatahiriwa, au ameshaoa na ana watoto? Wa mbuzi na wa tohara, ndani ya daftari. Mwenye watoto, kwaheri. Bibi mmoja aliniambia mumewe siku hiyo ya reli alikuwa amelewa, hakuwa kimojawapo. Nikamwandika kijana.

Wewe ulikicheka sana kipimo hicho, kwa sababu kilituletea tena ule ugomvi wetu. Mimi nilitahiriwa msimu mmoja kabla yako. Hilo linajulikana mlima mzima. Wewe ukashikilia kwamba niliingizwa mapema kimakosa kwa kuwa nilikuwa mnene, na kwa ajili hiyo hukuwahi kuniamkia shikamoo, hata siku moja. Ulikuwa ukija mwisho wa mwezi kutoka tambarare, kule kwenye shamba la mkonge, umebeba chumvi na nyama iliyofungwa kwenye jani, unamwamkia mama yangu, unamwamkia jirani asiyekuwa na jino, ukifika kwangu unasema, "Habari za siku, kijana?" Nami nakujibu, "Nzuri, mtoto." Ndeshi anasema sote wawili tukajifunze adabu kwa nyumbu.

Daktari aliyahamisha majina yangu kwenye ramani. Kila mgonjwa nukta moja ya wino mwekundu. Baada ya miezi kadhaa mlima ulikuwa umejaa nukta, na tambarare, tangu Moshi mjini kushuka mpaka mwisho wa mashamba ya mkonge, ilikuwa nyeupe, isipokuwa nukta chache za mjini penyewe. Daktari akaanza kutuangalia sisi wa juu kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro. Akaonja mtori wetu, ule mchuzi mzito wa ndizi, akasema ni wa moto mno. Akainama jikoni kwa mama zetu, akatoka machozi yanamtiririka, akaandika habari ya moshi. Akanusa mbege, pombe yetu ya ndizi, akaandika. Akainywa, akaacha kuandika.

Wakati huo huo wewe ukarudi nyumbani katikati ya mwezi, na hukuwa na nyama.

Nayakumbuka kwa mpangilio, kama mwandishi. Kwanza nyama choma ikakushinda, ukasema ni ya ng'ombe mzee. Ukahamia ndizi za kupikwa na nyama, ukawa unazitafuna mpaka zinapoa mdomoni. Ukashuka kwenye mtori. Mwisho ukabaki na maziwa, tena kwa vijiko, na Ndeshi akikutazama kila kijiko kama anayemtazama mtu akivuka mto. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, na ugonjwa huo nilikuwa naujua kwa dalili zake zote, nikakuambia umekonda kwa ajili ya wivu.

"Wivu wa nini?"

"Wa mwandiko wangu."

Ilikuwa asubuhi moja daktari alipokwenda mjini, akaniachia ramani niilinde. Mimi nikaileta kwako kujitapa. Niliitandaza karibu na mafiga, ukaiinamia.

"Shemeji, mlima wako umepata surua."

"Hizo ni kazi zangu."

Ukaweka kidole juu ya nukta. "Huyu nani?"

"Mteri, yule wa karibu na seremala."

"Mteri!" Ukacheka, kikohozi kikakukata. "Mteri alilala kitanda cha tatu kutoka changu kule kambini, miaka minane. Kukabwa alianza pale pale. Tulimcheka, tukasema anajinyima chakula ili apeleke nyumbani."

"Alifia kwake, kwenye kihamba chake, katika migomba ya baba zake."

"Alikuja kufa. Kuugua aliugua kule." Ukasogeza kidole. "Na huyu?"

Nikakutajia. Ukamjua. Nikakutajia wa tatu, ukamjua, alikuwa akisukuma matoroli ya mkonge. Wa nne hukumjua, nikafurahi. Kumbe Ndeshi alimjua, akasema naye alikuwa chini, shamba la jirani.

"Nukta hizi zimepanda na lori," ukasema.

"Sasa Mchagga gani afe tambarare naye ana kihamba?"

"Hakuna. Ndicho ninachokuambia. Tunaupata kule, tunapanda nao, tunazikwa hapa, na wewe unamwandikia Mzungu kwamba ni wa hapa. Yule fundi cherehani wa mjini, Mwislamu, akiugua mjini anazikwa mjini. Nukta yake inakaa mahali pake. Sisi tunahama na zetu."

"Daktari alisema niandike mahali mtu anapokaa."

"Mimi nakaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa nalala siku mbili kwa mwezi."

"Mke wako yuko hapa. Kahawa yako iko hapa."

"Kahawa haiumwi koo, shemeji."

Nikaikunja ramani. Nilikuwa nimekasirika kidogo, kama fundi aliyeonyeshwa kwamba mlango wake unafungukia ukutani. Ndipo ulipolisema lile neno, bila kuongeza sauti, kama unaagiza chumvi.

"Mimi niandike chini. Ukimaliza kunizika hapa, kaniandike chini. Daktari aje aone tunakabwa na nini kule. Wenzangu bado wako kambini."

"Nikikuandika chini utanipa nini?"

Ukafikiri. "Shikamoo. Moja. Tena mbele ya Ndeshi."

Ndeshi akaweka mwiko chini. "Leo ndiyo naamini kwamba mume wangu anaumwa," akasema.

Nikakubali. Tukapeana mikono. Wiki chache baadaye nikashika jembe pamoja na kaka zako, tukakulaza pale ulipo.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Sikukuandika chini.

Siku ya tatu baada ya mazishi Ndeshi alinifuata kwenye mfereji wa maji. Hakuwa analia. Aliniambia, "Kaka, ukiandika kwenye karatasi ya serikali kwamba mume wangu alikuwa mtu wa tambarare, shemeji zangu watasema alikwisha kuacha kihamba. Mimi na watoto tutakwenda wapi?" Nami nilikuwa nimemwona kaka yako mkubwa asubuhi ile akitembea polepole kwenye mpaka wako, akigusa migomba kwa fimbo, mmoja mmoja. Karatasi ya serikali ni karatasi ya serikali. Hakuna aliyejua itasomwa na nani, kwa shauri gani. Mtoto wako Eliapenda alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Nikarudi kwenye daftari. Jina: Ndekirwa. Umri: kipindi cha reli alikuwa ametahiriwa karibuni. Mahali: juu. Nikapuliza wino ukauke. Siku hiyo hiyo daktari akakutia nukta, nyumba tatu kutoka kwa Mteri.

Hao wengine wa kambini ningeweza kuwarekebisha, nao sikuwarekebisha. Ningeanzaje na Mteri nikakuruka wewe? Daktari akapewa uhamisho, akaondoka na ramani, na habari zikatufikia baadaye kwamba kansa ni ugonjwa wa mlimani, tambarare kuna malaria tu. Pasipo na nukta hapaendi daktari. Malori yakaendelea kupanda. Sikuwa nawaandika tena, kazi ilikwisha, lakini macho hayastaafu. Nilikuwa najua lori la mizigo na lori la mgonjwa kwa jinsi dereva anavyopita kwenye mashimo.

Sijidai kwamba nukta moja ingemponya mtu. Wala sijui mpaka leo ni kitu gani kiliwakamata kule: vumbi la nyuzi, maji, pombe ile ya kambini mliyoisifu kuliko mbege ya mama zenu, au hakuna hata kimoja. Labda hata mlima una wake, maana wako waliougua hapa ambao hawajawahi kushuka hata kufika Rau. Ninachojua ni kwamba aliyetakiwa kutafuta alielekezwa upande mmoja tu, na mwandiko uliomwelekeza ni wangu, mzuri kabisa, unasomeka kwa mbali.

Msimu huu amekuja daktari mwingine. Huyu hana nyumbu, ana gari, na karani wake anavaa tai. Swali ni lile lile na mstari ni ule ule: wasiofikia umri wa kustaafu, wapi wanaugua zaidi, wapi kidogo. Mchili, mkuu wa mtaa wetu, akawaleta kwangu, akisema mimi ndiye mzee wa habari hizo. Karani akafungua kitabu chake. Nikamwambia angoje.

Nikaenda kwa Ndeshi kwanza. Alikuwa anaanika kahawa pamoja na Eliapenda, ambaye siku hizi ana ndevu, analipa kodi kwa jina lake, na kaka yako mkubwa akipita hapo huomba ruhusa hata ya kukata jani. Nikamwambia dada yangu nilichotaka kufanya. Aliendelea kutandaza buni mpaka akafika mwisho wa mkeka.

"Mwandike alipokuwa," akasema. "Mimi najua alipo."

Nikarudi. Karani wa tai akaniuliza, "Haya mzee, mgonjwa wa kwanza, alizikwa wapi?"

"Mwanangu," nikamwambia, "ukiuliza alizikwa wapi, mlima huu wote utakuwa mwekundu na utarudi mjini bila akili. Uliza alikuwa akifanya kazi wapi siku tonge la kwanza lilipomkwama."

Daktari alikuwa nyuma yake akifunga kiatu. Akasimama na kamba moja haijafungwa, akavuta kigoda, akakaa.

"Jina?" akauliza karani.

"Ndekirwa."

"Umri?"

"Arobaini na kitu. Reli ilipofika alikuwa ametahiriwa karibuni. Baada yangu. Andika hiyo, baada yangu."

"Hiyo haina mahali pake, mzee."

"Basi ibane pembeni."

"Mahali?"

"Chini. Kambi ya mkonge, miaka kumi na mitano. Kitanda cha tatu kutoka kwa Mteri."

Akaandika. Kisha daktari akatandaza ramani yake mpya, akaweka nukta kule tambarare, kwenye weupe mtupu. Ilikaa peke yake kidogo, kama mtu aliyewahi kufika sokoni kabla ya wauzaji. Kisha nikamtajia Mteri, kisha msukuma matoroli, na yule wa nne aliyejulikana na Ndeshi. Tulikaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Wanashuka makambini wiki hii kuwatazama walio hai. Watakachokiona sikijui, nami sitakusingizia matumaini.

Karani alipokuwa akifunga kitabu aliniuliza umri wangu. Nikamwambia asijisumbue, nimekwisha kuuvuka mstari. Hapo ndipo likanijia jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka mapema. Wewe umebaki na ile arobaini na kitu yako, huongezi hata mwaka. Mimi nimeendelea. Hata kama niliingizwa tohara kwa ajili ya unene, leo nimekupita kiasi cha kuweza kukuzaa. Ubishi umekwisha, shemeji, na ahadi yangu, japo imechelewa, nimeitimiza.

Kesho asubuhi nitapita hapo migombani nikienda kufungua maji ya mfereji. Ndeshi atakuwa karibu, nimemwomba aje kukata majani ya ng'ombe upande huo. Hakuniuliza kwa nini. Nitasimama kidogo. Usijitie usingizi. Nataka ile shikamoo yangu, moja tu, kama tulivyopatana. Marahaba ninayo tayari.

Ni mimi shemeji yako, mkubwa wako kwa msimu mmoja, utake usitake.