Kibuyu cha Baba na Siku Arobaini na Tano

Cholila, Chubut,
9 Machi.

Mpendwa Shangazi Edelmira,

Je, mtu akikataa kibuyu cha yerba, kile kinywaji chetu cha majani tunachopokezana kwa mrija mmoja, mkononi mwa baba yake kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda hana, amemlinda au amemvunjia heshima? Swali hili limenikaa moyoni majira yote ya joto. Lakini kwanza nikujulie hali: goti linaendeleaje, na upepo wa Comodoro umewapumzisha? Sisi tu wazima, na mwaka huu neno hilo silitamki kwa mazoea.

Mianzi ya kolihue ilichanua, ikadondosha mbegu, na panya wenye mikia mirefu wakazaana kupita kiasi. Mwezi Desemba kaka yako na jirani yetu Belarmino walipandisha kondoo malishoni. Walikuta kibanda kimejaa kinyesi cha panya, wakafunga mlango kuzuia upepo, wakafagia pakavu. Mimi ninayewafundisha wanafunzi kwamba virusi vya panya hao huvutwa pamoja na vumbi, kwamba kibanda huachwa wazi kwanza na sakafu hulowanishwa kwa klorini, sikuwa nimemwambia baba yangu mwenyewe.

Wiki tatu baadaye Belarmino alilazwa, ana homa na pumzi imembana. Kwa kuwa virusi vya huku kwetu huweza pia kupita kati ya mtu na mtu, nilimwomba Baba anywe peke yake, kwa mrija wake, siku arobaini na tano, muda ambao ugonjwa huo huweza kujificha mwilini.

"Nimekusomesha ili unitenge na kibuyu changu? Hata mbwa nisimkaribishe?"

"Mbwa mkaribishe, Baba. Sisi tutasubiri."

"Basi mbwa ana adabu kuliko daktari wa panya."

Mama alicheka, Baba hakucheka. Kila asubuhi alijimiminia, akanywa akiutazama ukuta.

Siku ya arobaini na sita alijaza kibuyu, akanywa wa kwanza kama impasavyo mmiminaji, kisha akanipa mimi kabla ya Mama. "Kunywa. Panya wamekupa ruhusa." Yerba ilikuwa chungu kuliko kawaida. Niliimaliza.

Belarmino amepona. Mkewe, aliyechangia naye mrija mmoja hadi siku ya homa, hakupata hata kikohozi. Kuhusu vumbi sina shaka: Desemba ijayo nitapanda na Baba, ndoo ya klorini mkononi. Kuhusu kibuyu sijui kama nilimwepusha mtu na chochote, maana ili nijue, ingebidi mmoja wetu augue.

Nisalimie Bwana Rosendo na binti yenu Yanet. Mungu awajalie pumzi nyepesi na meza isiyokosa wa kupokezana naye.

Mwanao akupendaye siku zote,
Ailín