Orodha Isiyo na Majina

Jumatatu, 2 Juni
Nimefika saa moja kasoro. Orodha ya dawa nimeimaliza kabla madaktari hawajaanza mzunguko. Wodi ya wanawake, vitanda ishirini. Kila mstari: namba ya kitanda, dawa, kipimo, saa. Wauguzi huibandika kwenye toroli na kuzunguka nayo. Imeenea ukurasa mmoja, hakuna nilipofuta. Nesi Edina kasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari wote. Nimefurahi kutwa nzima. Mkataba wangu wa ukarani unaisha mwezi huu. Nahitaji watu waseme hivyo.

Bibi Nyanzobe, kitanda cha 7, kisukari na kidonda cha mguu, hanipitishi bila salamu. "Mwangaluka, ng'wanone." Ananitakia asubuhi njema, ananiita mwanangu, nami naitikia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Anacheka mpaka anakohoa.

Jumanne, 3 Juni
Saa sita kasorobo Edina alichoma insulini kitanda cha 7. Aliyelala pale hakuwa Bibi Nyanzobe. Alikuwa Minza, msichana wa malaria wa kitanda cha 16. Hakuwa amekula chochote tangu jana. Nusu saa baadaye amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, kisha kimya. Edina mwenyewe ndiye aliyeona. Akamwekea glukosi kwenye mshipa, akimwita jina lake bila kupumzika. Minza akafumbua macho.

Yuko hai. Edina akakaa sakafuni nyuma ya toroli, glovu bado mkononi.

Jumatano, 4 Juni
Edina ameondolewa wodini. Ametakiwa kuandika barua ya kujieleza. Kwenye korido wanasema ni mzembe, wengine wanasema amechoka. Alianza kazi hapa nikiwa shule ya msingi.

Nimempelekea Minza fomu ya kusaini. Nikamuuliza alifikaje kitanda cha 7. Kasema alimpisha bibi. Mkwe wa bibi, anayeuza samaki Lamadi, alikuwa anakuja saa ya kutazama wagonjwa. Shangazi yake mkwe huyo amelazwa kitanda cha 8. Bibi hawezi kulala mguu wazi mbele ya mume wa binti yake. Kwa mila ni aibu isiyosemeka. Akahamia kule mwisho ukutani, Minza akaja huku, akajifunika shuka gubigubi kwa baridi ya homa.

"Nesi alipokuja hukumwambia?"

"Nesi akisema lete mkono, unaleta mkono."

Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima hadi nyumbani. Edina alisoma orodha. Orodha ilisema 7. Kadi zina majina, lakini hukaa kabatini, na kwenye toroli ipo karatasi yangu tu. Majina niliyatoa mimi, mwezi wa nne, ili ienee ukurasa mmoja. Hakuna aliyeniagiza.

Alhamisi, 5 Juni
Sikusema.

Nilifika mlangoni kwa matroni mara mbili. Mara ya pili nikajifanya natafuta stepla. Naogopa kufukuzwa. Naogopa mama atakavyoniangalia. Malori ya pamba yalipita mchana kutwa, vumbi likaingia mpaka kwenye mafaili. Nilifuta meza ileile mara tatu.

Nimeandika orodha ya leo kwa majina matatu ya kila mgonjwa na umri. Kurasa mbili. Nesi Kulwa wa zamu ya asubuhi: "Karani, siku hizi unaandika kitabu?"

Ijumaa, 6 Juni
Nimesema.

Matroni alisikiliza bila kuinua kalamu. Nilimwekea mezani orodha ya zamani na ile mpya. Nikamweleza habari ya mkwe.

"Kwa nini hukusema juzi?"

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo pia naogopa, mama."

Hakutabasamu. Kasema Edina alipaswa kuuliza jina, na mimi nilipaswa kuliandika, na yeye alipaswa kuiona karatasi hiyo tangu mwezi wa nne. Kasema niandike yote na kusaini. Kuhusu mkataba hakusema lolote. Nami sikuuliza. Nimetoka kichwa kimetulia. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa lililo kweli.

Jumatatu, 9 Juni
Matroni amekubali orodha mpya. Namba ya kitanda imetoka kwenye orodha. Kila mgonjwa ana plasta mkononi yenye jina na umri. Na muuguzi hamtajii mgonjwa jina. Anauliza, "Unaitwa nani?" kisha anasubiri. Ukimtajia mama wa kijijini jina lolote akiwa na homa, ataitikia kwa heshima tu.

Wananung'unika. Kulwa ananiita daktari wa karatasi. Bibi Nyanzobe naye amekasirika kabisa nilipomuuliza jina: "Siku zote unaniita bibi, bibi. Leo umenisahau?" Wodi nzima ikacheka, na mimi. Lakini plasta nimeibandika. Wanune watakavyo. Sirudi kwenye ukurasa mmoja.

Alhamisi, 12 Juni
Mkwe alikuja tena saa sita, na mfuko wa sato wa kukaanga. Sauti yake ilipofika tu mlangoni, bibi akachukua khanga na fimbo yake, akaondoka. Mwanamke mwingine wa kule mwisho akaja kujilaza kitanda cha 7. Nilisimama na mafaili kifuani.

Kulwa alikuja na sindano. Akauliza jina. Akasoma plasta. Akageuka, akatembea polepole mpaka mwisho ukutani, akauliza tena.

"Nyanzobe," bibi akajibu, uso umeelekea ukutani.

Shangazi wa kitanda cha 8 aliendelea kutoa miiba ya sato.

Jumatatu, 16 Juni
Edina amerudi. Ana barua ya onyo kwenye faili. Mimi pia. Habari ya mkataba bado haijajulikana.

Asubuhi alichukua orodha mezani kwangu, akaisoma yote amesimama. Kisha akasema niongeze ukubwa wa herufi, macho yake si ya zamani.

Nimeiandika upya. Kurasa tatu.