Msumeno wa Mtu Mmoja

Kwako Mama Jentrix, mshauri wetu,

Salamu kutoka Ruiru. Utaniwia radhi kwa mwandiko, sijawahi kuandikia gazeti, lakini naomba unisaidie kufikiri, kwa maana tangu juma lililopita nafikiri peke yangu na sifiki popote.

Mimi ni mkata matawi. Siangushi miti ovyo kama mtu wa kuni, mti ukiwa mgonjwa mimi hupanda nikatoa sehemu iliyooza ili iliyobaki iishi, na ile mikima ya kivuli kwenye mashamba ya kahawa, kutoka hapa hadi Mugutha, mimi ndiye huipunguza ili kahawa ipate jua la kutosha na si zaidi. Nikiwa juu asubuhi kabla ukungu haujaisha, Mama, nakwambia ukweli, nasahau kama nina miguu, kahawa ikiwa imechanua ni nyeupe tupu hadi mtoni, harufu yake inanifuata huko huko, Kilimambogo unauona peke yake mbali, na siku nyingine Mlima Kenya hujitokeza kidogo halafu ukajificha, na mimi nimekaa kwenye tawi nayumba polepole, wala sijui kama nimeamka au bado nimelala. Naweza kuota hivyo kazini kwa sababu najua chini yuko mtu ameshika kamba yangu.

Mtu huyo ni mzee Absalom, Mmaragoli, amenizidi miaka kama ishirini, na tumekuwa pamoja tangu mwaka wa arobaini na saba. Hatuitani kwa sauti. Nikivuta kamba mara moja ananipandishia msumeno, mara mbili anajua tawi linakuja, mara tatu anishushe, na yeye akivuta mvuto mmoja mrefu mimi naacha kila kitu nikatazama chini. Kabla sijapanda huzunguka shina akiligonga kwa mpini wa panga, ameinamisha kichwa anasikiliza, na akisema mti huu ni mtupu ndani basi sipandi, hata tajiri akasirike namna gani. Mti wa kuangushwa tunaukata kwa ule msumeno mrefu wa kuvutana, yeye upande ule na mimi upande huu, na huimba wimbo wa kwao ambao sielewi neno lake hata moja lakini mikono yangu inaufuata.

Mwaka wa hamsini na nne nilichukuliwa na askari pamoja na Wakikuyu wengine, nikakaa kambini mwaka mmoja na nusu. Yeye si Mkikuyu, hakuguswa. Aliletewa mpandaji mwingine akakataa kumshikia kamba, akaenda kuchimba mashimo ya kahawa juani, fundi mzima. Siku niliyorudi nilimkuta mlangoni kwake, akaingia ndani akatoa kamba yangu, kavu, haina hata uzi mmoja uliokatika. Hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Mikima imekua sana." Kesho yake tukaenda kazini.

Sasa tajiri wetu, Bwana Swaran Singh, ambaye huchukua kandarasi za miti mashambani, anataka kununua msumeno wa mashine, ule wenye cheni ya meno inayozungushwa na petroli. Alinituma Thika peke yangu, kwa muuza vyuma Bwana Mohinder, akasema mkono utakaoshika ndio uchague. Nilikuta miwili. Mmoja ni mkubwa, wa watu wawili, huyu anashika injini na yule anashika mpini wa upande wa pili, uzito wake karibu nusu gunia la mahindi, mtini haupandi kamwe. Wa pili ni mdogo, wa mtu mmoja. Bwana Mohinder alinionyesha gogo la mkaratusi nyuma ya duka akaniambia jaribu. Nilivuta uzi wa kuwashia mara mbili ukawaka. Mama, ule msumeno ulizama kwenye gogo bila nguvu zangu, unga wa mbao ukamwagika miguuni ukiwa na joto, harufu ya mkaratusi ikajaa ua mzima, na mimi nikajiona juu ya kila mkima wa Ruiru, tawi linaachia, jingine linaachia, nahama mti hadi mti na wala sichoki. Nilipouzima sikujua nimesimama hapo kwa muda gani. Bwana Mohinder alikuwa ananitazama akitabasamu.

Lakini Bwana Swaran Singh alikuwa ameshasema kwamba ukija ule mdogo mtu mmoja atatosha. Nikarudi nikamdanganya. Nilimwambia mdogo unakohoa, hauwaki vizuri, afadhali ule wa watu wawili. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutaenda pamoja akausikie ukikohoa.

Absalom sijamwambia kitu, namkwepa hata macho. Jana baada ya kula mchana nilijilaza kivulini, usingizi ukanichukua, nikaota niko juu na msumeno mdogo unanguruma mkononi, nikatazama chini, kamba imening'inia hadi kwenye nyasi na hakuna mtu. Nilipoamka alikuwa ameketi pale pale anaikunja.

Aibu yangu si uongo peke yake. Aibu yangu ni kwamba ule mdogo naupenda, nautaka kabisa, hata sasa nikiandika mkono unausikia. Nikiuchagua nimemfukuza mtu aliyenitunzia kamba. Nikichagua ule mkubwa, tajiri atachukua kandarasi za kuangusha tu, nami nitabaki chini hadi nizeeke, na mikima itaachwa ijiozee. Jumamosi si mbali. Nifanyeje?

Ni mimi,
Gachanja, Ruiru

*

Ndugu Gachanja,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya ile kahawa tu, kwa maana dirisha la ofisi yangu linatazama ukuta. Asante. Sasa tuache kuota.

Uongo wako ni wa kitoto. Jumamosi ule msumeno utawaka kwa mvuto wa pili kama ulivyowaka, na wewe utasimama uani kwa Bwana Mohinder ukitazama viatu vyako, naye shahidi yuko hapo hapo. Tajiri aliyekwambia uchague kwa mkono wako alikupa heshima ambayo wengi hawapewi siku hizi, ukaitumia vibaya. Mashine haikukohoa, ulikohoa wewe.

La pili limeniudhi zaidi. Umeniandikia habari za Absalom ukurasa baada ya ukurasa, na ndani yake mzee wa watu amesema sentensi moja, tena ya miaka mitatu iliyopita. Umemhurumia, umemwonea aibu, umemwota ndotoni. Hujamwuliza! Mtu mzima unampangia maisha yake huku unamkwepa macho? Pengine mgongo wake umechoka kuvutana msumeno na wewe. Pengine anaijua habari ya mashine kuliko unavyodhani, maana Thika na Ruiru ni hapo na hapo, na watu wanasema. Mimi sijui. Wewe nawe hujui, na mnakula chini ya mti mmoja kila siku.

Halafu nikuulize wewe fundi, maana mimi ni mama wa kalamu tu. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa mkata mbao kule Elburgon. Alipewa msumeno kama huo, akaambiwa ni wa mtu mmoja, akaenda nao peke yake. Kelele yake ilimziba masikio hata hakusikia tawi likipasuka juu, na hapakuwa na wa kumwonya. Leo anatembea kwa magongo. Haya, wewe ukiwa juu na kelele hiyo kifuani, nani atakupandishia mashine? Nani atakwambia shina ni tupu, au petroli nayo inajua kugonga mti ikasikiliza? Watu wengine wote watapoteza wakati mwingi kujifunza kufanya kazi bila kusikiana. Nyinyi wawili mmefanya hivyo miaka kumi na moja. Jibu ulikuwa nalo, ni ile kamba inayofungwa kiunoni mwako kila asubuhi, ukaona afadhali useme uongo.

Basi fanya hivi. Gazeti hili likikufikia, nenda kwa Absalom kabla hujaenda kwa tajiri. Mwambie yote, pamoja na kwamba umeupenda ule mdogo, hilo usilifiche, kupenda kazi yako si dhambi. Akisema amechoka na anataka kurudi kwao Maragoli, umshukuru kwa mikono miwili umwache aende. Akisema bado yuko, nendeni pamoja kwa Bwana Swaran Singh, uombe radhi kwa maneno machache, bila kulia.

Jumamosi nendeni Thika watatu. Na ukichukua ule msumeno mdogo, usiujaribu kwenye gogo. Tafuta mti. Absalom augonge kwanza, upande, akupandishie mashine, uiwashe. Hapo Bwana Swaran Singh asimame chini akuite kwa sauti yake yote. Hutamsikia. Kisha Absalom avute ule mvuto mmoja mrefu. Ukizima mashine na kutazama chini, tajiri hatahitaji kuelezwa na mtu. Akishikilia bado kwamba mmoja anatosha, shuka, umrudishie mashine yake, kwa maana ile ndoto ya kamba isiyo na mtu haikuwa ya kumhurumia mzee. Ilikuwa yako, wewe ndiye uliyekuwa juu.

Limebaki dogo. Ule wimbo wa kuvutana msumeno umeufuata kwa mikono miaka yote hiyo, na hujui unasema nini. Mashine ikishawashwa hakuna atakayeusikia tena. Mwulize Absalom kabla ya Jumamosi, akufundishe na maneno.

Mama Jentrix